Je, Wajua? Ibada kwa Bando

Shangazi yangu wa Tanga husoma tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qur'ani, kwa simu, saa tatu usiku, watoto wakishalala. Simu huiegemeza kwenye kopo la unga wa ngano, hujitanda mtandio barabara ingawa kamera ameizima, na ustadha wake aliyeko Mombasa humsikiliza aya kwa aya. Juzi bando lilikata katikati ya madda, herufi ya kuvutwa. Yeye hakujua; akaendelea kuvuta sauti peke yake pale jikoni mpaka pumzi ikamwishia. Salio la kupigia alikuwa nalo, akanipigia huku bado anahema. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye kusomasoma. Ile herufi niliyoivuta bando likiwa limekata, mwalimu hakuisikia. Thawabu yake inaandikwa?"

Nikamwambia, "Shangazi, ngoja nikutafutie." Nikatafuta. Nilichorudi nacho ni hiki hapa, na kingi chake hakimhusu.

Je, wajua kwamba intaneti imekwisha kubarikiwa? Tarehe 8 Februari 1996, watawa wa Kibudha wa Namgyal, ambayo ni monasteri ya Dalai Lama mwenyewe, walikaa katika tawi lao la Ithaca, jimbo la New York, wakaghani ibada ya Kalachakra kwa ajili ya mtandao. Mbele yao kompyuta ilionyesha picha ya mandala, ule mchoro wa mchanga wa rangi ambao watawa huuchora kwa siku kadhaa, punje kwa punje, kisha huufagia. Hawakuibariki mashine. Walibariki nafasi iliyo kati ya mashine na mashine. Kwa mafundisho yao uwazi wenyewe si mwema wala si mbaya. Huchukua rangi ya nia ya anayeingia. Siku hiyohiyo, kule Davos, Uswisi, John Perry Barlow, aliyewahi kuitungia nyimbo bendi ya Grateful Dead, alitoa tamko kwamba mtandao ni nchi huru isiyotawaliwa na serikali yoyote. Tamko lile limechakaa vibaya. Baraka ile sina mizani ya kuipimia.

Na je, wajua kwa nini Wabudha hawakubabaika sana mtandao ulipoingia? Kunakili kwao ni ibada tangu kale. Kitabu cha kale kuliko vyote vilivyopigwa chapa vikawa na tarehe yake ni Sutra ya Almasi, iliyokutwa pangoni Dunhuang, magharibi mwa China, na sasa imo katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Tarehe yake ni 11 Mei 868. Mwishoni mtu aitwaye Wang Jie ameandikisha kwamba amekitoa kigawiwe bure kwa wote, kwa niaba ya wazazi wake wawili. Haki ya kunakili hakuidai. Alichotaka ni thawabu ya kunakili.

Miaka mia moja kabla yake, Malkia Shotoku wa Japani aliagiza pagoda ndogo za mbao zipatazo milioni moja, kila moja ikiwa na kikaratasi cha dua kilichopigwa chapa, kimekunjwa kikafichwa ndani. Vikaratasi vile havikukusudiwa kusomwa na mtu. Kuwapo kwavyo kulitosha.

Kuna na gurudumu la sala la Watibeti. Ni kipipa cha shaba chenye karatasi ndani iliyoandikwa mantra, dua fupi ya Om Mani Padme Hum, mara maelfu, na kila kikizungushwa mara moja ni kama umezisoma zote. Mtandao ulipofika, baadhi ya Wabudha wakapiga hesabu rahisi: diski ya kompyuta nayo huzunguka. Hifadhi mantra yako kwenye faili, basi. Diski nyingi za wakati ule zilizunguka mara 5,400 kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 324,000, nawe umekaa zako unaandika barua ya kuomba likizo. Kompyuta nyingi za siku hizi zina hifadhi isiyozunguka kabisa. Kwa mwenye kuhesabu thawabu, hayo si maendeleo.

Je, umewahi kugonga samaki? Katika mahekalu ya China na Japani kuna kigogo cha mbao kilichochongwa mfano wa samaki, Wachina wakikiita muyu, ambacho mtawa hukigonga kwa mchi mdogo ili kushika mapigo ya kughani. Wamechagua samaki kwa sababu hafumbi macho. Mwaka 2022 vijana wa China walivamia programu ya simu yenye kigogo hicho: unagonga kioo, kinalia *tok*, na juu yake yanaibuka maneno ya kukuongezea thawabu moja. Wengine waliicheka, wengine waliitumia kutuliza kichwa baada ya kazi, na wengi walifanya yote mawili kwa pamoja. Niliipakua moja nikiwa kwenye daladala. Nilipofika thawabu ya arobaini konda akachungulia begani kwangu, akauliza hiyo kamari inalipa shilingi ngapi.

Sasa geuza upande wa pili. Kumpa mtu utawa kamili kwa njia ya Zoom haiwezekani, na sababu yake ni ya dhiraa. Sheria ya watawa, yaani Vinaya, inataka watawa wanaompokea mwenzao wawe ndani ya mpaka mmoja uliowekwa, na wakae karibu kiasi cha kufikiana kwa mkono. Kwa Kipali umbali huo huitwa *hatthapasa*, na wafasiri waliukadiria kuwa dhiraa mbili na nusu. Dhiraa ni ileile ya kwetu, kiwiko hadi ncha ya kidole. Mmoja akisogea nje ya kipimo hicho, kikao kimebatilika. Kamera haina kiwiko.

Tena idadi nayo imewekwa: watawa kumi. Ila katika nchi za mipakani, mbali na bonde la Ganges alikozunguka Budha, watano wanatosha, mmoja wao akiwa mjuzi wa sheria. Kwa kipimo hicho Entebbe ni mpakani, na California ni mpakani vilevile. Ndiko California, mwaka 2002, alikopewa utawa Mganda Steven Kaboggoza, leo Bhante Buddharakkhita. Ubudha aliukuta India alikokwenda kusoma mwaka 1990, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibudha karibu na Entebbe. Mafundisho yake unaweza kuyasikiliza kwa simu ukiwa Bukoba au Bujumbura. Utawa wenyewe utaufuata kwa miguu.

Wayahudi nao wanahesabu kumi. Sala kamili ya jamaa huhitaji minyani, watu kumi waliobaleghe. Mwaka 2001 kamati ya sheria ya Wayahudi wa mrengo wa Conservative, Marekani, iliamua kwamba kumi hao sharti wawe pahali pamoja. Wakishatimia, aliye mbali anaweza kujiunga kwa njia ya mtandao na kuitikia. Akiwa wa kumi na moja, sawa. Akiwa wa kumi, hapana. Virusi vya korona vilipokuja mwaka 2020 wakalegeza kwa dharura. Wayahudi wa Orthodox wengi hawakulegeza, tena siku ya Sabato kwao hata kuwasha simu haifai. Duka la kamera la B&H la New York, ambalo wenyewe ni Wayahudi washika dini, hufunga hata malipo ya tovuti yake Sabato inapoingia Ijumaa jioni. Unajaza kikapu chako, unafika kwenye kulipa, unaambiwa usubiri jua lichwe Jumamosi. Mashine imepumzishwa pamoja na mwajiri wake.

Vikaratasi vya maombi vinavyochomekwa kwenye nyufa za Ukuta wa Magharibi, Yerusalemu, vilianza kupokelewa kwa faksi mapema miaka ya 1990, kisha kwa barua pepe. Lakini lazima mtu avichapishe, avikunje, aende navyo ukutani. Nimegundua hili karibu katika kila dini niliyoichungulia: maneno yanaruhusiwa kusafiri, kisha kuna mahali fulani ambapo mtu anatakiwa aje na mwili wake. Dini zinatofautiana tu wapi pa kuuweka huo mstari.

Je, wajua kwamba swali la kumfuata imamu kwa mbali lilijibiwa kabla hata intaneti haijabuniwa? Katika miaka ya 1950 mwanachuoni wa Morocco, Ahmad al-Ghumari, aliandika kitabu kizima akitetea kwamba sala ya Ijumaa inasihi nyumbani nyuma ya redio. Aliweka masharti, mojawapo likiwa kwamba mji wa imamu uwe mbele yako kuelekea Kibla. Karibu wanazuoni wote wengine walimkatalia, na wanaendelea kukataa hata kwa matangazo ya mubashara: safu ni safu, na imamu lazima mkutane naye mahali pamoja. Mwaka 2022 idara ya dini ya Uturuki iliulizwa kuhusu kuizuru Kaaba kwa miwani ya mtandaoni. Jibu: kutazama, ruhusa, kuita hijja, hapana, miguu lazima iguse ardhi ile. Lakini mwaka 2003 mahakama ya sharia ya Gombak, Malaysia, ilikubali talaka iliyotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Talaka ikapita pale ambapo safu haikupita. Shangazi alipoisikia hiyo alisema wanaume hawashindwi.

Msomaji wa Kiswahili akifungua Qur'ani kwenye tovuti nyingi za tafsiri, je, anajua anamsoma nani? Mara nyingi ni Ali Muhsin al-Barwani, waziri wa mambo ya nje wa serikali ya Zanzibar iliyopinduliwa Januari 1964. Alikaa magerezani Bara kwa miaka kumi hivi, akaishia uhamishoni, na tafsiri yake ikatoka mwaka 1995. Kijana wa leo anayeinakili aya na kuibandika kwenye hali ya WhatsApp anatumia Kiswahili cha mfungwa yule, na wala jina lake hakulitazama. Tafsiri ya kabla yake, ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika kuchapwa mwaka 1969, nayo inapatikana mtandaoni. Mimi ya al-Farsy ndiyo naipenda zaidi, kwa maelezo yake ya chini ya ukurasa, hasa anapokasirika.

Upande wa Wakatoliki kuna vituko vingi, nitavipitia mbiombio. Msimamizi wa televisheni ni Mtakatifu Klara wa Asizi, tangu mwaka 1958, kwa sababu alipokuwa mgonjwa kitandani aliona Misa ikiadhimishwa ukutani kwake. Karne ya 13 hiyo, bila umeme. Tovuti ya Vatikano ilifunguliwa Krismasi ya 1995, na seva zake za mwanzo zikapewa majina ya malaika wakuu: Rafaeli, Mikaeli na Gabrieli. Mwezi Novemba 2001 Papa Yohane Paulo wa Pili alituma waraka wake kwa Wakatoliki wa Oseania kwa barua pepe, akibonyeza mwenyewe kwenye kompyuta ndogo. Papa Benedikto wa 16 alituma ujumbe wake wa kwanza wa Twitter tarehe 12 Desemba 2012. Mwaka 2019 ikatoka rozari ya kuvaa mkononi inayoungana na simu. Inawaka ukichora ishara ya msalaba, na bei yake wakati huo ilikuwa Euro 99. Rozari ya mbegu wanazotunga akina mama wa parokia haihitaji chaji.

Lakini mstari upo. Mwaka 2002 Vatikano ilitamka wazi kwamba mtandaoni hakuna sakramenti. Mwaka 2011 ilipotoka programu ya simu ya kukusaidia kuandaa kitubio, yenye kibali cha askofu mmoja wa Marekani, msemaji wa Vatikano ilimbidi aeleze kwamba simu inaweza kukukumbusha dhambi, kukuondolea haiwezi. Na bado kuna ufa mdogo. Tangu mwaka 1985 rehema kamili inayoambatana na baraka ya Papa ya Urbi et Orbi inaweza kupokelewa kwa redio na televisheni, na baadaye intaneti ikaongezwa. Ndiyo maana tarehe 27 Machi 2020 Papa Fransisko alisimama mbele ya uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, mawe yanang'aa maji, na baraka ikawafikia watu waliokuwa sebuleni kwao. Mkate haukuwafikia.

Kijana Carlo Acutis, aliyekufa kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na aliyetengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi, alitangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Angalia alichokuwa anakitangaza kwa kompyuta yake: kitu ambacho kompyuta haiwezi kukileta.

Mwaka ule wa korona, 2020, Afrika Mashariki iligawanyika. Tanzania haikufunga makanisa wala misikiti. Kenya ilifunga, na ilipofungua Julai 2020 ilikuwa watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, walio chini ya miaka 13 na walio juu ya 58 wabaki nyumbani. Yaani wazee wa kanisa wenyewe, walionunua mabenchi, ndio waliotakiwa kujifunza Zoom. Kwa sadaka hapakuwa na shida. Mkenya alikuwa na M-Pesa tangu 2007, na namba ya kanisa ilikaa chini ya skrini mahubiri yote. Pale mhubiri anaposema "weka mkono kwenye skrini", watu hudhani ni mambo ya YouTube. Oral Roberts wa Oklahoma aliwaambia wasikilizaji wake waguse redio tangu zama za mwanzo wa mahubiri yake hewani.

Je, wajua ni dini ipi isiyosumbuliwa na kamera? Kwa Wahindu, kiini cha kwenda hekaluni ni *darshan*: kumwona mungu na kuonwa naye. Kazi ni ya jicho, basi kamera inafaa, na hekalu la Sai Baba la Shirdi, India, hurusha sanamu mubashara. Ila maji ni mtihani. Katika Kumbh ya 2025, hija ya kuoga mtoni pale Prayagraj, bwana mmoja alitangaza kwamba kwa rupia 1,100 umtumie picha yako kwa WhatsApp, aichapishe, aichovye penye makutano ya mito. Watu walimcheka na kumkasirikia. Mimi nilijiuliza picha ilikuwa ya pasipoti au ya mwili mzima.

Kwa Masingasinga, Guru Granth Sahib si kitabu tu bali ni Guru aliye hai. Usiku hulazwa, mchana hupepewa. Kila alfajiri pale Amritsar hufunguliwa, na shairi linalojitokeza, *hukamnama*, ndiyo amri ya siku. Leo huwafikia waumini wa Nairobi na Makindu kabla hawajanywa chai. Lakini Guru akiingia kwenye simu, simu utaiweka wapi? Mfuko wa nyuma wa suruali? Baadhi ya programu za maandiko hayo hukukumbusha kufunika kichwa na kuvua viatu kabla ya kusoma.

Je, wajua kwamba mtawa anaweza kufungiwa mdomo na watawa wenzake, na mtandao ukamfungulia? Machi 2017 baraza la watawa la Myanmar lilimpiga marufuku Ashin Wirathu asihubiri kwa mwaka mzima, kwa chuki aliyokuwa akiieneza dhidi ya Waislamu. Hotuba zake zikaendelea kuzunguka Facebook. Agosti mwaka ule jeshi liliwashambulia Waislamu Warohingya, na zaidi ya 700,000 wakakimbilia Bangladesh. Ukurasa wake ulifutwa Januari 2018, watu wakiwa wamekwishakimbia, na baadaye mwaka huo Facebook wenyewe wakakiri hawakufanya vya kutosha. Watawa wa Ithaca walisema mapema kwamba nafasi ile hufuata nia ya anayeingia. Hawakusema mlango utalindwa na nani.

Turudi kwenye vitabu, maana hapa ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Watibeti walipokimbia nchi yao baada ya 1959 walibeba vitabu mgongoni kuvuka Himalaya, kurasa ndefu zisizoshonwa, zimefungwa kwenye vitambaa. India wakati ule ilikuwa ikinunua ngano ya Marekani na kulipa kwa rupia. Rupia zile haikuwa rahisi kuzitoa India, kwa hiyo sehemu yake ikapangiwa kununulia vitabu vya kupelekwa maktaba za Marekani. Mwaka 1968 ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Delhi ilimwajiri E. Gene Smith, kijana wa familia ya Kimormoni kutoka Utah aliyekuwa amesoma Kitibeti. Smith akaelewa jambo moja: vitabu vya wakimbizi vikichapwa upya, ofisi yake itanunua nakala, mchapaji atapata fedha, na kitabu kitapona. Vikachapwa maelfu. Nyumba yake ya Delhi ikajaa watawa, mizigo ya kurasa na chai. Mwaka 1999 alianzisha kituo Marekani cha kuvipiga picha vitabu hivyo na kuviweka kwenye kompyuta, na kabla ya kufa Desemba 2010 alikuwa akivirudisha monasterini ndani ya diski unayoweza kuishika kwa kiganja. Mzigo ulioshuka mlimani mgongoni mwa watu ukarudi mfukoni. Yote yalianza kwa fedha za unga.

Watawa wakimbizi wa Sera Mey, kusini mwa India, walikuwa wamekwisha kukaa kwenye kompyuta tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakichapa maandiko herufi moja moja. Nao Wakorea wana hazina yao hekaluni Haeinsa: mbao zaidi ya 81,000 zilizochongwa karne ya 13, zenye herufi milioni 52 hivi, kila herufi ikiwa imechongwa kinyume. Kuzihamishia kwenye kompyuta kulichukua sehemu kubwa ya miaka ya 1990. Mbao bado zipo, kavu, hazina mdudu. Diski za miaka ya 1990 nenda kazitafute.

Mashine zenyewe nazo zimepanda mimbari. Hekalu la Longquan, Beijing, lina mtawa wa roboti aitwaye Xian'er, mfupi wa sentimita 60, wa kujibu maswali. Kodaiji ya Kyoto ilizindua Mindar mwaka 2019, sanamu ya aluminiamu ya Kannon, mwenye huruma wa Wabudha, yenye uso na mikono ya silikoni, inayohutubia juu ya Sutra ya Moyo. Gharama yake inakaribia dola milioni moja. Aprili 2024 shirika moja la Kikatoliki la Marekani lilizindua padre wa akili unde, Father Justin. Akamwambia mtu kwamba mtoto anaweza kubatizwa kwa Gatorade, kinywaji cha wanamichezo. Ndani ya siku chache akavuliwa kola.

Na kuna mbwa. Kampuni ya Sony ilipoacha kutengeneza mbwa wake wa roboti, AIBO, wagonjwa hawakupata vipuri ila kutoka kwa wenzao waliokufa. Basi katika hekalu la Kofukuji, mji wa Isumi, mbwa walikuwa wakipangwa mstari mbele ya madhabahu, kila mmoja na kikaratasi shingoni chenye jina la familia na mji alikotoka; kuhani akawaghania, ubani ukafuka, kisha ndipo wakafunguliwa skrubu. Kufikia 2018 walikuwa wameagwa 800 hivi. Nilidhani nitacheka.

Dar es Salaam, Upanga, lipo hekalu la Kibudha ambalo mizizi yake ni Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20. Wasinhala wana desturi ya *pirit*, kughani maandiko ya kinga. Uzi mweupe huanzia kwa watawa, hupita mkono hadi mkono kwa waliokaa sakafuni, na kisomo kikiisha hukatwa vipande, kila mtu akafungwa kimoja kifundoni mwa mkono. Pirit hurushwa redioni kila asubuhi Sri Lanka, na mtandaoni ipo ya saa nzima, ya usiku kucha, ya kulalia. Sauti hupita vizuri kabisa. Uzi huwezi kuupakua.

Shangazi nimemsomea yote haya kwa simu, kasoro ya mbwa. Alisikiliza hadi mwisho, akasema vizuri, lakini nimemzungusha. Kumbe kesho yake alikuwa amekwisha kumuuliza ustadha mwenyewe. Ustadha habari ya kuandikwa hakuigusa. Alimwambia arudie aya tangu mwanzo, na ile madda asiivute kupita harakati sita, bando liwepo lisiwepo.